Maswali ya Wasomaji: Msimu wa Maonyesho wa Chuo Kikuu ni wa Nani?

Barua zote tunazozijibu katika toleo hili zinahusu msimu wa maonyesho unaoandaliwa na idara ya sanaa za maonyesho ya chuo kikuu kila mwaka wa masomo, ambamo baadhi ya tamthilia huigizwa na wanafunzi peke yao na nyingine huwashirikisha wasanii wa kulipwa. Tumechagua barua sita na kuzifupisha bila kubadili maana yake.

Ndugu Mhariri, nimeisoma ratiba ya msimu ya idara mojawapo ya chuo kikuu na kuona kwamba katika tamthilia tano, mbili zinaongozwa na kuigizwa na wasanii wa kulipwa kutoka nje. Ikiwa idara ipo kwa ajili ya wanafunzi, kwa nini jukwaa lao wapewe watu wengine?
*Mtazamaji wa siku nyingi*

Swali lako ni la haki, na jibu lake linategemea kazi wanayoifanya wanafunzi ndani ya tamthilia hizo mbili. Jina la msanii maarufu likiwa kwenye bango, huku wanafunzi wakikata tiketi na kuwaonyesha watu viti, basi jukwaa limekodishwa tu na una kila sababu ya kulalamika. Lakini ikiwa mwanafunzi mmoja ni msaidizi wa mwongozaji, wawili wanaigiza nafasi ndogo, mwingine amejifunza nafasi ya mhusika mkuu ili aishike endapo mwenyewe ataugua, na wengine wanaendesha taa na sauti chini ya fundi aliyebobea, basi tamthilia hiyo ni darasa ambalo mhadhiri peke yake hawezi kulitoa.

Vyuo vikuu havikufika hapa kwa siku moja. Nchini Marekani masomo ya shahada ya tamthilia yalianza mwaka 1914 katika taasisi ya Carnegie mjini Pittsburgh, na nchini Uingereza idara ya kwanza ya tamthilia katika chuo kikuu ilifunguliwa Bristol mwaka 1947. Kwa muda mrefu mafunzo hayo yalibaki ya wanafunzi wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1966 Robert Brustein, aliyekuwa mkuu wa skuli ya tamthilia ya Yale, alianzisha Yale Repertory Theatre, kundi la wasanii wa kulipwa lililofanya kazi bega kwa bega na skuli hiyo, na mwaka 1980 akaanzisha kundi jingine la namna hiyo huko Harvard. Hoja ya kuwa na makundi hayo ilieleweka kwa urahisi, kwa kuwa skuli ya udaktari nayo huhitaji hospitali ya kufundishia, yenye wagonjwa wa kweli na madaktari waliokwisha kufuzu.

Anachojifunza mwanafunzi kwa msanii wa kulipwa mara nyingi si kipaji, kwa maana kipaji hakiambukizi. Hujifunza taratibu za kazi: kufika mazoezini akiwa amekwisha kuyahifadhi maneno ya tendo linalofanyiwa kazi siku hiyo, kupokea sahihisho la mwongozaji bila kujitetea, kuitunza sauti ili onyesho la kumi na tano lisikike kama la kwanza, na kumjibu msimamizi wa jukwaa mara moja anapoitwa. Hujifunza pia kwamba kazi hii ina mipaka. Vyama vya waigizaji, kama vile Actors' Equity Association cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1913 na Equity cha Uingereza cha mwaka 1930, vilipigania mikataba inayotaja saa za mazoezi, mapumziko na malipo. Mwanafunzi aliyezoea kufanya mazoezi hadi usiku wa manane, akidhani kwamba kuchoka ni dalili ya kujituma, hushangaa kumwona mwigizaji mkongwe akiketi muda wa mapumziko unapofika, na mwongozaji akiliheshimu jambo hilo.

Utakapohudhuria onyesho tena, kisome kijitabu cha programu hadi ukurasa wa mwisho. Majina ya wanafunzi na kazi zilizoandikwa mbele ya majina hayo yatakujibu vizuri zaidi kuliko tangazo lolote la idara.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Kila msimu idara yetu huchagua tamthilia za kale zenye wahusika wengi wanaume, ilhali wengi wetu darasani ni wanawake, na miswada tunayoiandika wenyewe haichaguliwi. Nani huamua, na kwa vigezo gani?
*Mwandishi chipukizi*

Kwa kawaida kamati ya wahadhiri ndiyo huamua, ikiwa pamoja na wasimamizi wa maleba, taa na ujenzi wa mandhari, nao hukutana miezi mingi kabla ya msimu kuanza. Wakifanya kazi yao ipasavyo, hawaanzi kwa kuuliza ni tamthilia gani wanazozipenda. Huanza na orodha ya wanafunzi walionao, kisha wakajiuliza ni mitindo gani ambayo wanafunzi hao hawajaikuta, kwa sababu anayemaliza chuo anapaswa kuwa ameonja tanzia, futuhi, mazungumzo ya kishairi, uhalisia wa sebuleni, mchezo wenye nyimbo na dansi, na walau mswada mmoja ambao haujawahi kuigizwa popote. Ndipo yanapokuja masuala ya fedha, ukubwa wa ukumbi na idadi ya mafundi. Idara inayoanza na fedha huishia kuchagua kile kilichojaza ukumbi mwaka uliopita.

Malalamiko yako kuhusu nafasi za wanawake yana chanzo cha kihistoria. Katika Ugiriki ya kale waigizaji wote walikuwa wanaume, na nchini Uingereza wanawake hawakuigiza katika majumba ya maonyesho ya kulipwa hadi mwaka 1660, hivyo Shakespeare aliandika akijua kwamba kila mhusika wake wa kike angeigizwa na mvulana, na wavulana wenye uwezo huo ndani ya kundi walikuwa wachache. Uchache wa wahusika wa kike katika tamthilia zake ulitokana na waigizaji waliokuwapo, na idara ya leo haina sababu ya kuurithi kana kwamba ni sheria. Mwigizaji wa Kifaransa Sarah Bernhardt aliigiza nafasi ya kiume ya Hamlet mwaka 1899 akiwa mwanamke aliyekwisha kuvuka miaka hamsini, na jukwaa halikuanguka.

Iko njia nyingine ambayo ningependa kuiona ikitumiwa zaidi, nayo ni tanzia ya Kigiriki yenyewe. Wengi huikwepa wakidhani ni nzito mno kwa wanafunzi. Wahusika wake wenye majina ni wachache, kwa kuwa tanzia za wakati wa mtunzi wa Kigiriki Sophocles ziliigizwa na waigizaji watatu tu waliobadilishana barakoa, lakini kando yao kulikuwa na korasi, ambayo kwa mujibu wa mapokeo Sophocles ndiye aliyeiongeza kutoka watu 12 hadi 15. Watu kumi na watano wanaokaa jukwaani karibu muda wote, wakiimba, wakicheza, wakipumua kwa pamoja na kusema kwa sauti moja! Katika tamthilia nyingi za kisasa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupewa nafasi ya kuleta barua na kutoka, ilhali katika korasi atafanya kazi ya mwili na sauti kwa zaidi ya saa nzima mbele ya watazamaji. Tena korasi nyingi za tanzia hizo ni za wanawake. Kwa mwongozaji mwenye wanafunzi wengi wa kike wenye njaa ya kazi, sioni chaguo lenye manufaa kuliko hilo.

Kuhusu miswada yenu, naiunga mkono hoja yako, ila ningeuelekeza mswada mahali tofauti na unapotaka uende. Mswada mpya ukipandishwa moja kwa moja kwenye ukumbi mkubwa, hukutana na tarehe ya ufunguzi kabla mtunzi hajagundua kwamba tendo la pili halina mgogoro, na kufikia hapo mandhari imekwisha kujengwa na hakuna anayetaka kusikia habari za kuandika upya. Unahitaji chumba kidogo, viti, taa zisizobadilika, waigizaji wenye karatasi mikononi, na wasikilizaji wanaojua kwamba wameitwa kusaidia. Profesa George Pierce Baker wa Harvard aliendesha karakana ya namna hiyo mwanzoni mwa karne ya 20, ambamo miswada ya wanafunzi iliigizwa na watazamaji walitakiwa kuandika maoni yao na kuyawasilisha ili mtunzi ayafanyie kazi. Mmoja wa wanafunzi wake katika mwaka wa masomo wa 1914 hadi 1915 alikuwa Eugene O'Neill, ambaye alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1936. Iombeni kamati iwape nafasi ya kudumu ya usomaji wa jukwaani katika kila msimu, yenye tarehe iliyochapishwa kwenye ratiba kama tamthilia nyingine. Mswada uliopitia hapo na ukaimarika, mwaka unaofuata utakuwa na haki ya kudai ukumbi mkubwa.

Binti yangu yuko mwaka wa tatu. Msimu huu alifanya usaili wa tamthilia zote na hakupata nafasi hata moja. Amepangiwa chumba cha maleba, kisha awe msaidizi wa msimamizi wa jukwaa. Analia, nami najiuliza kama ada tunayolipa haipotei bure.
*Mama mwenye wasiwasi*

Mama, pole kwa uchungu huo, na mpe binti pole zetu. Kukosa nafasi kunauma zaidi katika fani hii, kwa sababu anayekataliwa hujiona amekataliwa yeye mwenyewe, uso wake na sauti yake, wala si karatasi aliyoiandika.

Huenda sababu ya kukosa nafasi isiwe upungufu wake. Mwongozaji hupanga kundi zima kwa pamoja, akitafuta baba na mwana wanaoweza kuaminika kuwa wa nyumba moja, au sauti tatu zisizofanana katika onyesho la mabishano, na mwigizaji mzuri anaweza kuachwa kwa kuwa wawili wa namna yake wamekwisha kupatikana. Hata hivyo, ana haki ya kuambiwa kilichoonekana katika usaili wake. Amwombe mwongozaji dakika kumi, aulize ni kitu gani kimoja akifanyie kazi kabla ya usaili ujao, na aandike jibu.

Sasa nizungumzie kazi aliyopewa, kwani naona haijaelezwa vizuri kwake wala kwako. Msimamizi wa jukwaa huwa na nakala kuu ya mswada, ambamo huandika kila hatua ya mwigizaji, kila badiliko la taa, kila mlio na kila kifaa kinachoingia au kutoka. Katika siku za mazoezi ya kiufundi, ambapo taa, sauti na mandhari hukutana na waigizaji kwa mara ya kwanza, yeye ndiye anayesimamisha na kuanzisha kazi, na tendo la dakika tano linaweza kuchukua alasiri nzima. Baada ya onyesho la ufunguzi mwongozaji huwa amemaliza kazi yake, na kuanzia hapo onyesho huwa chini ya msimamizi wa jukwaa hadi siku ya kufunga: taa haibadiliki mpaka atoe ishara, na pazia haliendi mpaka aseme. Msaidizi wake hukaa nyuma ya jukwaa akihakikisha kwamba yote hayo yanatimia gizani. Mtu aliyeifanya kazi hiyo akirudi kuigiza huwa mwigizaji tofauti, kwa maana ameujua uzito wa sekunde tatu za kuchelewa kuingia jukwaani.

Chumba cha maleba nacho kina elimu yake. Humo atajifunza kwa nini vazi la mhusika wa karne nyingine humfanya asimame namna fulani, na kwa nini vazi linaloonekana limefungwa kwa vishikizo kumi limeshonwa kwa siri ili livuliwe kwa mvuto mmoja, mwigizaji akiwa na nusu dakika tu ya kubadili.

Lakini sitaki utulizwe kwa maneno mazuri. Ikiwa binti yako amesajiliwa kusomea uigizaji, idara ina wajibu wa kumpa nafasi za kuigiza mbele ya watazamaji kabla hajahitimu, na wajibu huo hautimizwi kwa kumwambia avumilie. Idara makini huweka kumbukumbu ya nani amefanya nini katika kila msimu, na huwazuia waongozaji wasiwachague vipenzi walewale mwaka hadi mwaka. Mwache amwandikie mkuu wa idara, kwa heshima, akiorodhesha kazi alizofanya tangu mwaka wa kwanza na kuuliza mpango uliopo kwa mwaka wake wa mwisho. Ikiwa orodha hiyo haina hata nafasi moja ya kuigiza, kosa ni la idara, na unaweza kulisema hilo bila woga.

Kikundi chetu cha wanafunzi kinataka kuigiza tamthilia ya Shakespeare katika tafsiri ya Kiswahili, bila kiingilio. Tumeambiwa tuombe ruhusa. Je, Shakespeare hakufariki zamani?
*Katibu wa kikundi*

Alifariki mwaka 1616, na maandishi yake ya Kiingereza ni mali ya kila mtu. Tafsiri, hata hivyo, ni kazi yenye haki zake yenyewe, na muda wake huhesabiwa kwa kufuata maisha ya mfasiri. Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za fasihi na sanaa, ambao ulitiwa saini mwaka 1886, unazitaka nchi wanachama zilinde kazi kwa muda usiopungua miaka 50 baada ya kifo cha mwenye kazi, na nchi nyingi zimefikisha 70. Julius Nyerere, aliyezitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili katika miaka ya 1960, alifariki mwaka 1999, kwa hiyo hata kwa hesabu fupi kabisa ulinzi wa tafsiri zake unaendelea hadi mwisho wa mwaka 2049. Mwandikieni mchapishaji. Msitegemee kwamba kutotoza kiingilio kunaondoa haja ya ruhusa, kwani mara nyingi kinachozingatiwa ni kuigiza hadharani.

Ombeni pia kwa maandishi ikiwa mnakusudia kupunguza maneno au kubadili jinsia ya wahusika. Mwaka 1988 mtunzi wa tamthilia Samuel Beckett alikwenda mahakamani akitaka kulizuia kundi la Uholanzi lililowapa wanawake nafasi za wanaume katika tamthilia yake mashuhuri ya watu wawili wanaomsubiri mtu asiyekuja. Alishindwa kesi, lakini kundi la wanafunzi halina fedha wala muda wa kungoja hukumu kama hiyo.

Nilifika kwenye onyesho la wanafunzi nikaambiwa viti vimekwisha. Niliomba kusimama ukutani, ambako palikuwa na nafasi tele, nikakataliwa. Kwa nini ukali wote huo kwa onyesho la wanafunzi?
*Aliyerudi nyumbani*

Waliokukatalia walifanya sawa. Tarehe 30 Desemba 1903 ukumbi wa Iroquois mjini Chicago uliungua wakati wa onyesho la mchana lililojaa kupita kiasi, huku watu wamesimama hata kwenye vijia, na watu zaidi ya 600 walikufa, wengi wao wanawake na watoto, baadhi wakiwa wamebanana kwenye milango ambayo haikufunguka. Ukuta uliouona mtupu ni njia ya kutokea. Mwanafunzi anayesimamia mlango na kukataa kuijaza anajifunza sehemu ya kazi hii isiyoruhusu majaribio.

Mimi ni mhadhiri msaidizi. Onyesho la ufunguzi la wanafunzi wetu liliharibika: taa zilikosewa na mwigizaji mmoja aliruka ukurasa mzima wa mazungumzo. Wakaguzi walikuwapo usiku huo na alama zikashuka. Jioni ya tatu onyesho lilikuwa zuri ajabu. Je, ni haki?
*Mhadhiri msaidizi*

Sioni haki hapo, ingawa sitasema kwamba usiku wa ufunguzi usihesabiwe kabisa. Watazamaji wa usiku huo nao walikuja kuona kazi iliyokamilika, na mwanafunzi lazima ajue hivyo. Kasoro iko kwenye utaratibu wa kumtathmini mtu mara moja, kwa kazi ambayo asili yake ni kurudiwa. Mkaguzi aliyekuja jioni moja hawezi kutofautisha kosa la bahati mbaya na kosa la uzembe. Aliyekuja mara mbili anaweza: taa ikikosewa mahali palepale tena, aliyeipanga hajui kazi yake, na ikirekebishwa, mtu huyo amejifunza kitu kinachostahili alama. Mwigizaji aliyeruka ukurasa naye atazamwe kwa kile kilichofuata. Je, wenzake walimrudisha kwenye njia? Je, habari ambayo watazamaji walihitaji kuijua iliingizwa baadaye? Kundi lililookoa onyesho namna hiyo limeonyesha ustadi mkubwa kuliko lile lililopita salama bila kujaribiwa.

Alama nyingine zitoke kwenye mazoezi na kwenye shajara ya kazi ambayo kila mwanafunzi huiandika, mradi shajara isomwe na mtu aliyekuwapo mazoezini, maana ni rahisi kuandika shajara tamu kwa kazi mbovu.

Barua yako imegusa jambo jingine ambalo naliona kubwa zaidi. Jioni ya tatu ilikuwa nzuri, na naamini ndiyo ilikuwa ya mwisho, kwa kuwa maonyesho mengi ya wanafunzi hupewa siku tatu tu. Wanafunzi wenu wameanza kuielewa tamthilia siku ileile waliyovunja mandhari. Wasanii wa kulipwa, katika msimu huohuo na kwenye ukumbi uleule, mara nyingi hupewa wiki mbili au tatu, ilhali wao ndio wasiohitaji kujifunza namna ya kulibeba onyesho baada ya msisimko wa ufunguzi kwisha. Ningepunguza idadi ya tamthilia za wanafunzi kutoka tatu hadi mbili, na kila moja ningeipa siku nane, zikiwamo siku zenye watazamaji wachache, ambazo ndizo ngumu kuliko zote. Wakaguzi waje katika siku mbili wasizozitangaza, moja kabla ya katikati na moja baada yake. Pendekezo hilo lifikishe kwa kamati kabla ratiba ya msimu ujao haijafungwa, pamoja na maelezo yako ya kilichobadilika kati ya jioni ya kwanza na ya tatu.